Familia Moja, Makaratasi Matatu

Tarehe 1 Januari 2020 marekebisho ya sheria ya wakimbizi yalianza kutumika Afrika Kusini, na kifungu kimoja kifupi kikageuza maisha ya nyumba nyingi za watu wa Lubumbashi, Kongo, waliokuwa wakiishi Johannesburg, Pretoria, Durban na Cape Town. Kabla ya siku hiyo, mtu aliyekwisha kukubaliwa kuwa mkimbizi aliweza kuomba ukaaji wa kudumu akitimiza miaka mitano mfululizo. Tangu siku hiyo ni miaka kumi. Na miaka hiyo inaanza kuhesabiwa siku ulipokubaliwa; ile uliyokaa ukingoja jibu haimo. Kwa hiyo ziko familia zilizovuka mpaka wa Beitbridge mwaka 2014, zikasomesha, zikazaa, zikazika, na ilipofika 2024 hesabu yao mbele ya sheria ilikuwa bado sifuri.

Yangu ni mojawapo.

Nilirudi Lubumbashi mwaka jana, na karibu kila anayenikuta, kuanzia majirani wa Katuba hadi vijana ninaofanya nao kazi ya umeme, ananiuliza lile lile: "Yaya, miaka yote ile mulileta nini?" Ni swali la haki. Mtu aliyeondoka na mke na watoto, akauza friji na viti ili apate nauli ya basi, anadaiwa maelezo na waliobaki. Lakini maelezo yanayongojwa ni ya gari, kiwanja na mabati. Mimi nataka kutoa hesabu nyingine, kwa sababu naamini ndiyo inayopaswa kutangulia kwa mzazi yeyote anayewaza leo kuhama na watoto, aelekee Afrika Kusini au kwingine. Kila mtoto wako atakuwa ameshika karatasi gani siku anayotimiza miaka 18? Ukishindwa kulijibu hilo kwa kila mtoto peke yake, mshahara uliokutoa nyumbani hautakusaidia sana.

Mji wetu wenyewe ulijengwa na familia zilizohama, na ni vema kulikumbuka hilo kabla ya kuzungumzia safari za sasa. Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, iliundwa mwaka 1906, reli ikafika hapa kutoka kusini mwaka 1910, na katika miaka ya mwanzo kampuni ilileta wanaume peke yao kwa mikataba mifupi. Wengi walikufa, wengi walitoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadilisha mbinu: mkataba wa miaka mitatu, na mfanyakazi akahimizwa kuja na mke wake. Wakaja kutoka Kasai, Maniema, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Mke akapewa posho ya unga, mtoto akapimwa uzito katika kliniki ya kambi, shule ikafunguliwa karibu na nyumba. Sisemi ilikuwa huruma. Mwenye watoto hatoroki, na kampuni ililijua hilo. Wafanyakazi wa kampuni hiyo hiyo walipogoma Desemba 1941 wakidai mshahara, askari waliwafyatulia risasi hapa hapa mjini. Hata hivyo ukweli mmoja unabaki: mtoto aliyezaliwa kambini alikuwa na jina lake katika daftari, shule ilimjua, na alipokua mahali pake palijulikana. Babu na bibi wa wengi wetu walipita humo, na Kiswahili tunachozungumza kilikulia humo.

Migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini ilichagua njia nyingine. Mwanamume alichukuliwa kutoka Lesotho, Msumbiji au Malawi, akalazwa kwenye bweni la wanaume, mkataba ukiisha akarudishwa. Mke na watoto hawakuwamo katika mpango. Nadhani fikra hiyo haijafa. Nchi hiyo iliandika mwaka 1998 sheria ya wakimbizi yenye ukarimu ambao nchi nyingi hazina: anayeomba hifadhi hafungiwi kambini, anakaa mjini. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ikathibitisha kwamba anaweza kufanya kazi na kusoma wakati anangoja jibu. Nimekula matunda ya uamuzi huo na ninaushukuru. Lakini mfumo unamtazama bado mtu mmoja anayepita. Familia inaingia kama viambatisho vya faili lake, na viambatisho hivyo vinakua, vinabalehe, vinafika miaka 18.

Kwa nini fundi umeme wa Lubumbashi aombe hifadhi badala ya kibali cha kazi? Watu hapa wananiuliza kwa mashaka, na jibu halina siri. Kibali cha kazi kinamtaka mwajiri aliyekwisha kukukubali, vyeti vilivyokwisha kutambuliwa huko, na pesa ambazo mwenye vyote hivyo hana haja ya kukimbia nazo. Mlango uliokuwa wazi kwa wengine wote ulikuwa mmoja. Machi 2013 Bakata Katanga, wapiganaji waliotaka jimbo letu la Katanga lijitenge, waliingia Lubumbashi na silaha, watu wakafa katikati ya mji mchana, na mtaani kwetu hofu haikuondoka nao. Mkataba wangu kwenye kiwanda nao ukaisha. Hofu na njaa ziliondoka na sisi kwenye basi moja, na sijawahi kukutana na mhamaji aliyeweza kuzitenganisha. Sheria ndiyo inayotaka uzitenganishe, kwenye fomu, kwa Kiingereza, siku ya kwanza.

Ukiomba unapewa karatasi ya kifungu cha 22, ya mwombaji. Inadumu miezi mitatu au sita, kisha unairefusha. Ukikubaliwa unapata ya kifungu cha 24. Wengi mno wanakataliwa katika hatua ya kwanza, wanakata rufaa, na rufaa inalala. Mwaka 2019 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa nchi hiyo alikadiria kwamba kumaliza rufaa zilizokwisha kurundikana kungechukua miaka 68, hata kama asingekuja mwombaji mwingine. Miaka 68! Mtoto anayezaliwa leo angekuwa na wajukuu.

Watu hudhani ugumu wa karatasi hiyo ni hofu ya kukamatwa. Kwa familia, ugumu ni kwamba kila kitu kimefungwa kwenye tarehe yake. Benki inazuia akaunti siku karatasi inapokwisha. Mke wangu alisimama siku moja mbele ya keshia, foleni nyuma yake, mfuko wa unga wa bukari, mafuta na daftari za shule vikiwa vimekwisha kupigwa kwenye mashine, kadi ikakataa. Mshahara ulikuwamo ndani. Karatasi ilikuwa imekwisha usiku uliotangulia, na mimi nilikuwa nimepanga foleni tangu saa tisa za usiku katika ofisi moja ya kurefushia, nikarudi bila muhuri kwa sababu namba za siku hiyo zilikwisha. Janga la korona lilipokuja, ofisi hizo zilifungwa Machi 2020, na mwaka uliofuata ikaanzishwa njia ya kurefusha kwa intaneti. Foleni ikapungua, hilo niliseme kwa haki. Lakini wenye nyumba, walimu wakuu na wenye benki waliendelea kutaka kuona karatasi yenye muhuri, na karatasi iliyotumwa kwenye simu waliigeuza geuza kama hati ya kughushi.

Kazi sitaikalia. Nililinda magari katika maegesho kwa muda, nimevaa fulana ya kung'aa, nikimlipa mwenye eneo ada ya kila siku kabla sijapata senti yangu. Wakongomani wengi wa Durban na Cape Town wanaishi hivyo hadi leo, wakiwemo wenye shahada. Baadaye nikarudia umeme, kwa bei ya kibarua. Mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alisuka nywele Yeoville, mtaa wa Johannesburg. Tulikula, tulilipa nyumba, tulituma kidogo Lubumbashi. Nyumba nyingi za wahamaji ninazozijua zimeishi hivyo.

Watoto ndio jambo lenyewe. Binti yetu mkubwa alikuwa na miaka tisa tulipoondoka, mdogo wake wa kiume sita, na wa mwisho akazaliwa Johannesburg mwaka 2016. Kwenye fomu zote sisi ni familia moja. Katika maisha halisi hawa watatu walihamia nchi tatu tofauti.

Yule wa kwanza alihama akijua alichokiacha. Alikuwa amekwisha kuandika insha kwa Kifaransa, akawekwa darasa la chini ya lake, na baada ya miezi michache Kiingereza chake kikapita cha wazazi wake. Tangu hapo akawa mdomo wa nyumba. Barua ya mwenye nyumba alisoma yeye, kikao cha wazazi shuleni alitafsiri yeye, hata malalamiko ya mwalimu juu yake mwenyewe. Mama yake alipokuwa mjamzito na huyu wa mwisho, nesi wa kliniki alikuwa na Kiingereza na Kizulu, mama ana Kiswahili na Kifaransa. Mtoto wa miaka 11 akasimama katikati. Nesi akauliza kuhusu damu, kuhusu hedhi ya mwisho, kuhusu mimba iliyoharibika kabla yake, ambayo huyo mtoto hakuwa amewahi kuisikia. Alijibu kila kitu akiwa ameuelekezea uso ukuta. Kwa malezi yetu mambo hayo yana shangazi wake, yana bibi wake, yana wakati wake. Siku ile heshima yote hiyo iliruka, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuibeba.

Ninaandika haya kwa sababu nimeyaona katika nyumba nyingi mno kuyaita bahati mbaya ya nyumba yangu. Mtoto mkubwa ndiye anayelipa sehemu ya kwanza ya gharama ya kuhama, na hakuna anayemlipa. Wadogo wanafika njia ikiwa imefyekwa. Wazazi tunasifiwa kwa kujitoa mhanga. Yeye anasifiwa kwa kuwa "msaada mkubwa nyumbani", sifa ambayo kwa mtoto wa darasa la tano ni mzigo.

Mwaka 2023 alitimiza miaka 18 na kumaliza Matric, mtihani wa mwisho wa sekondari, kwa alama nzuri. Hapo ndipo hesabu niliyoitaja mwanzo ilipotufikia. Msaada wa serikali kwa wanafunzi wa chuo, NSFAS, ni wa raia na wenye ukaaji wa kudumu. Akishakuwa mtu mzima hawi tena kiambatisho cha faili la mzazi. Anapaswa kujieleza mwenyewe kwa nini aruhusiwe kuendelea kukaa. Binti aliyekuja na miaka tisa, aliyelala njia nzima kutoka Lusaka hadi Chirundu, aeleze alikimbia nini. Wenzake aliowafundisha hesabu wakaenda chuoni. Yeye akakaa nyumbani mwaka mzima akisuka nywele na mama yake.

Wa mwisho yuko mahali pengine kabisa. Sheria ya uraia ya Afrika Kusini ina kifungu kinachosema kwamba mtoto aliyezaliwa nchini humo na wazazi wasio raia wala wakaaji wa kudumu anaweza kuomba uraia akifikia utu uzima, ikiwa ameishi huko tangu kuzaliwa na kuzaliwa kwake kumeandikishwa. Wizara ilichelewa kuitekeleza kwa miaka, hadi Mahakama ya Rufaa ilipoiamuru mwaka 2018 ipokee maombi hayo. Kijana wetu aliandikishwa kwa sababu tu karatasi zetu zilikuwa hai wiki ile aliyozaliwa. Wapo waliozaliwa wiki ambayo karatasi za wazazi zilikuwa zimekwisha, wakakataliwa hata kuandikishwa. Kesi moja iliyofika hadi Mahakama ya Katiba, iliyoamuliwa mwaka 2021, ilihusu askari wa Afrika Kusini aliyezaa na mama Mkongomani: baba ni raia kamili, na bado alizuiwa kumwandikisha mtoto wake kwa sababu visa ya mama ilikuwa imekwisha na wawili hao hawakuwa na ndoa inayotambuliwa na sheria. Mahakama ilikifuta kifungu kilichomzuia baba.

Sasa tazama nyumba moja ilivyogawanyika. Kumsaidia binti mkubwa kulitaka tuondoke haraka, aende asome mahali anapokubalika. Kumsaidia wa mwisho kunataka abaki asitoke hadi mwaka 2034, kwa maana tukimwondoa leo tunamkatia haki ambayo hatairudisha. Wa kati, aliyezaliwa Lubumbashi na kukulia Johannesburg, anayeota kwa Kiingereza na kugombana kwa Kizulu, hana kifungu chochote kinachomtaja. Baada ya miaka kumi hapakuwa na uamuzi mmoja ulio mwema kwa wote watatu. Hili ndilo jambo ambalo hakuna aliyetuambia tulipokuwa tunaaga, na ndilo ninalotaka lijulikane hapa kuliko habari za foleni na za kazi duni. Tunapoondoka tunasema tunakwenda kwa ajili ya watoto, kana kwamba watoto ni mtu mmoja mwenye faida moja. Mahali walipozaliwa na umri waliohama nao vinawatenganisha polepole, na sheria inakuja mwishoni kuweka muhuri tu.

Tuliamua kukata familia vipande viwili. Mimi na binti tukarudi. Mke wangu na vijana wawili wamebaki. Iliwezekana kwa sababu moja: siku ya kwanza kabisa mama mmoja wa Bukavu tuliyekutana naye kwenye foleni alimshika mke wangu mkono akamwambia, "Mama, usiandikwe chini ya bwana. Omba kwa jina lako, na watoto waweke kwako." Kila mmoja wetu akawa na faili lake. Wanawake wengi hawakupata wa kuwaambia hivyo, na mume akifa, akiondoka au akimkimbia, mke anabaki hana hata hiyo karatasi ya miezi sita.

Juu ya chuki sitasema mengi, kwa kuwa habari zake zimeandikwa sana: Mei 2008, ambapo watu zaidi ya 60 waliuawa, Durban mwaka 2015, Johannesburg mwaka 2019, na mwaka huu wa 2025 wafuasi wa Operation Dudula, kundi linalopinga wageni, wakisimama milangoni mwa kliniki kudai vitambulisho. Mwanangu wa kati amejifunza kutotaja jina la ukoo wake barabarani. Lakini sisi watu wa Katanga tuna deni la kusema ukweli kabla ya kunyoosha kidole. Mwaka 1992 na 1993, Likasi na Kolwezi, familia za Wakasai zilitolewa majumbani, zikalala kwenye vituo vya treni wiki na miezi, watoto wakafa hapo zikingoja mabehewa ya kuzipeleka "kwao", Kasai ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Walikuwa wajukuu wa wale walioletwa na kampuni na wake zao. Vizazi vitatu havikutosha. Nilipoambiwa na kijana mmoja wa Johannesburg nirudi kwetu, maneno nilikuwa nimekwisha kuyasikia kwa Kiswahili, utotoni, yakisemwa na watu wa upande wangu. Tangu siku hiyo sisikilizi kwa utulivu mtu yeyote hapa mjini anapoanza kuhesabu nani ni mwenyeji na nani amekuja.

Na kurudi kwenyewe? Kurudi na mtoto ni kuhama upya, ila sasa mgeni ni yeye. Mimi nilikuta mji umepanda bei, Kolwezi imevuta mafundi wote kwa ajili ya kobalti, umeme unakatika kama zamani; nilizoea ndani ya miezi michache. Jirani zangu wananijua, wanajua nilikosa matanga ya baba yangu na wanajua sababu: anayeomba hifadhi akirudi katika nchi aliyosema ameikimbia anahatarisha ombi lake lote. Wamenisamehe. Binti ndiye aliyefika mahali pasipomjua. Kiswahili anacho, cha nyumbani, kisicho na maneno ya sokoni. Kifaransa alichokiacha akiwa na miaka tisa kimebaki na umri huo huo. Matric yake inataka kutambuliwa kwanza iwe sawa na diploma ya Serikali, cheti chetu cha kumaliza sekondari, na masomo ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi ni kwa Kifaransa tangu mwalimu anapoingia hadi mtihani. Mama zangu wadogo wanamwita "Mzungu" kwa upendo, naye anacheka, lakini nimemwona akipima sentensi kichwani kabla ya kuomba chumvi.

Amepata nafasi Kitwe, Zambia, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Kasumbalesa, kusoma kwa Kiingereza. Anakwenda na pasipoti ya Kongo, mwanafunzi wa kigeni kwa mara ya pili, safari hii kwa karatasi inayoeleweka: imeandikwa anachosoma na mwaka atakaomaliza. Nimemwona akiisoma mara nyingi. Sijui wazazi wangapi wa hapa wanaoitazama Johannesburg wamewahi kufikiri kwamba mtoto anayesoma Kitwe au Ndola, akirudi nyumbani likizo, anapata Kiingereza kile kile bila kupoteza ukoo wala jina.

Kuna jambo ambalo Kinshasa inaweza kulibadilisha yenyewe bila kuingoja Pretoria. Katiba ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauwezi kushikwa pamoja na mwingine. Kijana wangu wa mwisho akiupata uraia wa Afrika Kusini mwaka 2034, kwa maandishi hayo atakuwa mgeni katika nchi ya dada yake. Atahitaji visa ili aje kuwazika wazazi wake. Viongozi wameahidi mara nyingi kulitazama suala hili, na najua hoja ya upande wa pili: huku mashariki kwetu swali la nani ni Mkongomani limemwaga damu, na wapo wanaoogopa kwamba uraia wa nchi mbili utafungua mlango kwa watu wenye nia mbaya. Siidharau hofu hiyo. Ila sheria iliyoandikwa kwa kuwaogopa wenye bunduki inamwangukia mtoto aliyezaliwa katika wodi ya uzazi Johannesburg na mama aliyekuwa anasuka nywele. Inawezekana kabisa kuandika kinga kwa vyeo vya serikali, jeshi na bunge, na kumwachia mtoto wa Mkongomani uraia wake. Vivyo hivyo ulinganishaji wa vyeti vya shule: maelfu ya watoto wetu wako Zambia, Afrika Kusini, Uganda na Tanzania wakisoma kwa Kiingereza, na nchi iliyowapeleka huko haijawatengenezea njia ya kurudi darasani, ambayo ingekuwa mwaka mmoja wa Kifaransa cha chuo na mtihani mmoja ulio wazi.

Kwa anayeondoka licha ya yote, na wapo wenye sababu ambazo hakuna wa kuzipinga, nasema kwa ukali ninaoweza: mtoto mwenye miaka 12 na zaidi usimchukue kama mzigo wa basi. Kaa naye, mwambie karatasi zikoje, muulize. Akiwa na shangazi wa kuaminika Likasi au Lubumbashi, na diploma ya Serikali iko karibu, fikiri mara mbili kabla ya kumng'oa. Bulteni zake zote za shule, zile ripoti za alama, zibebe. Kifaransa chake kiendelee jioni nyumbani, hata nusu saa, hata kama umechoka. Mkifika, kila mzazi aombe kwa jina lake. Mtoto akizaliwa, aandikishwe wiki hiyo hiyo, kabla ya sherehe.

Mwanangu wa kati anatimiza miaka 18 mwakani. Mama yake amekwisha kukusanya barua za shule, cheti cha chanjo, picha za timu ya mpira, kila kitu chenye tarehe kinachoonyesha kwamba kijana huyu amekuwa pale tangu akiwa na miaka sita. Wakili wa msaada wa sheria ameliona faili, akasema atajaribu kuomba aruhusiwe kubaki kwa haki yake mwenyewe, na akaonya kwamba hatoi ahadi. Huku Lubumbashi nimemwandikisha Kifaransa cha jioni kwa mwaka ujao wa masomo, nikalipa nusu ya ada. Yeye mwenyewe, nilipomuuliza kwenye simu anataka lipi, alijibu kwamba anataka la kwanza lifanikiwe na la pili lisipotee, na akaniomba nisimfiche chochote wakili atakachoniandikia.